Jengo Linalokula Nishati na Bado Halikaliki: Data Zinavyofichua Kasoro

Yapo majengo ambayo bili yake ya nishati ni kubwa, na bado watu waliomo hawana raha. Upande mmoja wa ghorofa watu wamevaa masweta saa 6 mchana, upande wa pili wanajipepea kwa makaratasi. Mwenye jengo akiambiwa apunguze matumizi, hudhani itabidi watu wavumilie zaidi ya hapo. Fikra hiyo imezoeleka mno, na mara nyingi si sahihi. Katika majengo makubwa yenye mitambo ya hewa, nishati inayopotea na kero wanazopata watu hutokana sana na kasoro zilezile: vali isiyofunga vizuri, kihisi cha joto kilichowekwa mahali pasipofaa, ratiba iliyobadilishwa siku ya dharura na haikurudishwa tena.

Kasoro za namna hii hazipigi kelele. Mtambo unaendelea kuvuma, hewa inatoka, na taa ya kidhibiti inawaka kijani. Huonekana pale tu mtu anapochukua kumbukumbu za mita, za vihisi na za malalamiko, akazipanga kwa tarehe na saa, akazisoma kwa pamoja. Si jambo dogo. Kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati, kuendesha majengo kunachukua takriban asilimia 30 ya nishati yote inayowafikia watumiaji duniani.

Anza na usiku

Bili ya mwezi ni namba moja. Inakwambia umetumia kiasi gani, haikwambii lini. Mita za kisasa hurekodi matumizi kila baada ya dakika 15, kwa hiyo mita moja huacha namba 96 kwa siku na 35,040 kwa mwaka. Huhitaji programu ya gharama kuanza kuzisoma. Chora matumizi ya wiki moja, saa kwa saa, kisha tazama umbo la mstari.

Mimi hutazama usiku kwanza. Tuchukue jengo la ofisi la mfano, linalovuta kilowati 100 watu wakiwa kazini na kilowati 40 likiwa tupu. Ukilinganisha hivyo tu, 40 inaonekana ndogo. Lakini wiki ina saa 168, na watu wamo ofisini kwa saa 50 hivi. Saa 50 mara kilowati 100 ni uniti 5,000. Saa 118 zilizobaki mara kilowati 40 ni uniti 4,720. Karibu nusu ya umeme wote umetumika jengo likiwa halina mtu. Sehemu ya matumizi hayo ina sababu: seva, majokofu, taa za usalama. Lakini mara nyingi utakuta humo pia feni na pampu zinazozunguka mpaka asubuhi kwa sababu mtu aliziondoa kwenye ratiba akaziweka kwenye kuwaka moja kwa moja, labda kwa ajili ya kikao kimoja kilichochelewa kuisha.

Baada ya usiku, tazama jengo linaamka saa ngapi. Ikiwa mitambo inawaka saa 10 alfajiri, vyumba vinafikia joto linalotakiwa saa 12, na watu wanaingia saa 2 asubuhi, basi kila siku ya kazi kuna saa mbili za kupoza au kupasha joto viti vitupu. Kumbukumbu za joto la vyumba zitakwambia jengo lako linachukua muda gani kufika, kwa sababu muda huo hubadilika kulingana na hali ya nje. Siku ya wastani linaweza kuhitaji nusu saa, siku kali ikahitaji saa mbili. Ratiba isiyobadilika hupangwa kwa kuiogopa siku kali, kisha mwaka mzima unalipia woga huo. Angalia pia Jumapili na sikukuu. Jumapili inayofanana na Jumanne haihitaji uchambuzi zaidi; inahitaji mtu akarekebishe ratiba.

Ondoa hali ya hewa kwenye hesabu

"Mwezi huu tumetumia pungufu kuliko mwezi kama huu mwaka jana." Kauli hii hutolewa sana kwenye vikao, na peke yake haithibitishi chochote. Huenda mwaka jana joto lilikuwa kali zaidi.

Dawa yake ni grafu moja ambayo, kwa maoni yangu, ina thamani kuliko skrini nyingi za rangirangi zinazouzwa kwa wasimamizi wa majengo. Kwenye mhimili wa mlalo weka wastani wa joto la nje kwa siku, na kwenye mhimili wa wima weka nishati iliyotumika siku hiyo. Kila siku inakuwa nukta moja. Kwa jengo linalopozwa tu, nukta zitalala tambarare katika siku za ubaridi, kisha zitafika kwenye kona na kuanza kupanda kadiri joto la nje linavyoongezeka. Kompyuta inaweza kupitisha mstari katikati ya nukta hizo, na mstari huo una mambo matatu ya kusoma.

Kimo cha sehemu tambarare ni matumizi yasiyotegemea hali ya hewa: taa, kompyuta, feni zisizozimwa. Kona ni joto la nje ambalo jengo linapofikia huanza kuhitaji kupozwa. Ikija mapema mno, tuseme kwenye nyuzi 14 za Selsiasi, kuna uwezekano kwamba mashine za kupoza zinafanya kazi wakati hewa ya nje yenyewe ingetosha kupoza vyumba bure. Mwinuko wa mstari ni nishati inayoongezeka kwa kila nyuzi moja ya joto la nje. Mwinuko mkali unaelekeza kwenye madirisha, kwenye paa, kwenye hewa ya nje inayoingizwa kupita mahitaji, au kwenye mashine iliyochoka. Kwa hiyo majengo mawili yenye bili sawa yanaweza kuwa na kasoro tofauti kabisa, na grafu hii inakwambia fundi aanzie wapi.

Jengo linalopashwa joto wakati wa baridi na kupozwa wakati wa joto huchora umbo lenye mikono miwili na sakafu katikati. Sakafu hiyo ni siku za hali tulivu ambapo jengo halihitaji kupashwa joto wala kupozwa. Ukiona mkono wa kupasha joto umepita ndani ya eneo la mkono wa kupoza, siku hizo jengo linafanya mambo yote mawili kwa wakati mmoja, sawa na dereva anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja.

Mwili hausomi kipimajoto

Upande wa raha ya watu una ugumu wake. Mwaka 1970 mtafiti wa Denmark, Povl Ole Fanger, alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba hali ya kusikia joto au baridi inategemea mambo sita: joto la hewa, joto linalotoka kwenye kuta, vioo na nyuso nyingine, mwendo wa hewa, unyevunyevu, nguo ulizovaa, na kiasi cha joto mwili wako unachozalisha kwa shughuli unayofanya. Alitengeneza kipimo kinachoanzia −3 kwa baridi kali hadi +3 kwa joto kali, na hesabu zake zilitoa jambo ambalo kila msimamizi wa jengo anapaswa kulijua: hata kundi la watu likiwa kwenye sifuri kamili, takriban asilimia 5 bado hawataridhika. Hakuna namba moja ya kidhibiti inayowatosha wote.

Sasa angalia kihisi cha ukutani kinapima nini. Joto la hewa, pengine na unyevunyevu. Mambo mawili kati ya sita. Mtu aliyekaa karibu na kioo kinachopigwa na jua la alasiri anapokea joto la kioo moja kwa moja mwilini, huku kihisi kilicho ukutani, mita nne kutoka pale, kikisoma nyuzi 24 na kusema kila kitu ni shwari. Akilalamika, anaonyeshwa namba, na anaonekana mtu wa kulalamika ovyo. Hilo ni kosa la usomaji wa data, na linaumiza watu.

Tatizo hilo limo hata ndani ya viwango vyenyewe vinavyotumika kupanga joto la majengo. Mwaka 2015 Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt walionyesha kwamba thamani za kawaida za uzalishaji wa joto mwilini, ambazo zilitokana na mwanamume wa wastani, zinaweza kuzidisha makadirio kwa wanawake hadi asilimia 35. Ukipanga jengo kwa thamani hizo, utalipoza kupita kiasi, utalipia nishati hiyo, na wanawake wengi watakaa na mitandio mabegani mwaka mzima.

Data ndizo zilizofungua njia nyingine pia. Mwaka 1998 Richard de Dear na Gail Brager walichambua vipimo takriban 21,000 kutoka majengo 160 ya mabara mbalimbali. Walikuta kwamba watu wa majengo yanayotumia madirisha ya kufunguka hukubali joto la ndani linalopanda pamoja na la nje. Kwa hesabu yao, joto linalopendeza ndani ni 0.31 mara wastani wa joto la nje, ongeza 17.8. Nje kukiwa na wastani wa nyuzi 30, watu hao huridhika kwenye nyuzi 27 hivi, kiwango ambacho katika jengo lililofungwa kingeitwa hitilafu. Sehemu ya sababu ni kwamba mtu mwenye uwezo wa kufungua dirisha au kuwasha feni huvumilia zaidi kuliko asiye na uwezo wowote.

Uchambuzi mwingine wa mwaka 2015, uliofanywa kwa kuiga majengo ya ofisi kwenye kompyuta, ulikuta kwamba kupandisha kiwango cha kupoza, yaani joto la chumba ambalo likizidi mashine huanza kupoza, kutoka nyuzi 22.2 hadi 25 kunaokoa kwa wastani asilimia 29 ya nishati ya kupoza. Hewa ikitembezwa na feni, nyuzi 25 zinaweza kupendeza kuliko 22 za hewa iliyotulia. Feni ya dari hutumia umeme kidogo sana ikilinganishwa na mashine ya kupoza hewa.

Chumba kimoja kinachoburuza jengo zima

Hapa ndipo nishati na raha ya watu vinapokutana waziwazi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua mtambo mmoja wa hewa unaohudumia vyumba 30. Unapuliza hewa iliyopozwa kwenye mifereji, na kila chumba kina kilango kinachofunguka zaidi chumba kikiwa na joto na kufunga kikipoa. Mtambo nao unasikiliza vyumba: vikidai ubaridi zaidi, unashusha joto la hewa na kuongeza kasi ya feni. Ni mpango mzuri, mradi vyumba vinasema kweli.

Sasa tuseme katika chumba kimoja mtu alisogeza mashine ya fotokopi ikakaa chini ya kihisi. Hewa ya moto ya mashine inapanda, na kihisi kinasoma nyuzi 27 siku nzima, hata chumba kikiwa na 23. Kilango chake kinafunguka asilimia 100 na kubaki hivyo. Mtambo unasikia kuna chumba chenye shida, unashusha joto la hewa kwa wote na kuongeza kasi. Vyumba 29 visivyo na tatizo vinaanza kupata hewa baridi kuliko vinavyohitaji. Vilango vyao vinafunga, lakini haviruhusiwi kufunga kabisa kwa sababu watu wanahitaji hewa safi. Kwa hiyo vyumba vinazidi kupoa mpaka vipasha joto vya kila chumba vinawaka ili kurudisha joto kwenye hewa ambayo imepozwa dakika chache zilizopita. Mashine ya kupoza inalipiwa, vipasha joto vinalipiwa, na watu wanatetemeka. Feni nayo haidai kidogo, maana umeme wake hupanda kwa mchemraba wa kasi yake. Kutoka asilimia 70 ya kasi hadi 100, matumizi yanakaribia mara tatu.

Ukiitazama bili hutaona fotokopi. Ukiitazama ripoti ya vyumba 30 kwa siku moja pia unaweza usiione. Lakini hesabu rahisi inaitoa nje: kwa kila chumba, katika saa ambazo mtambo unafanya kazi, ni asilimia ngapi ya muda kilango kimekuwa wazi zaidi ya asilimia 95? Panga majibu kutoka kubwa hadi dogo. Mara nyingi chumba kimoja au viwili vitajitenga na vingine. Kisha inuka kwenye kiti, nenda ukakione chumba chenyewe. Kuhamisha kihisi ni kazi ya fundi ya asubuhi moja.

Kipimo kingine ninachokipenda ni cha vali inayovuja. Tafuta saa ambazo vali ya maji ya moto imeamriwa kufunga kabisa, kisha linganisha joto la hewa kabla na baada ya koili yake, yaani mabomba yaliyokunjwa ambayo hewa hupita kati yake. Hewa haipaswi kuongezeka joto hapo, ukiacha tofauti ndogo ya vihisi. Ikiwa inaongezeka nyuzi 3 kila mara, maji ya moto yanapita, na mashine ya kupoza inafanya kazi ya ziada kuyafuta madhara yake. Kasoro hii inaweza kukaa miaka bila mtu yeyote kuiona, kwa sababu chumba kinafika joto lake.

Malalamiko ni vipimo

Daftari la malalamiko lina thamani kubwa kuliko linavyopewa. Kila lalamiko likiandikwa kwa tarehe, saa, chumba, na kama ni joto au baridi, unapata kile ambacho vihisi haviwezi kukupa. Baridi ya Jumatatu asubuhi peke yake inasema jengo limechelewa kuwashwa baada ya mapumziko ya wiki. Joto la saa 10 jioni kwenye vyumba vya magharibi linasema jua na vioo. Malalamiko yaliyotawanyika bila mpangilio wa saa, yote kutoka ghorofa moja, yanaelekeza kwenye mtambo wa ghorofa hiyo.

Hewa ukaa nayo husaidia. Tangu mwaka 1858, Max von Pettenkofer alipopendekeza sehemu 1,000 kwa milioni kuwa kikomo cha hewa nzuri ya chumbani, kipimo hicho kimetumika kama dalili ya wingi wa watu dhidi ya hewa safi. Hewa ya nje sasa ina takriban 420. Chumba cha mikutano kinachopanda hadi 1,800 kinanyima watu hewa. Ukumbi unaobaki kwenye 430 siku nzima huku feni zikivuma kwa nguvu unaingiza, unapoza na kukausha hewa kwa ajili ya watu ambao hawapo. Upungufu wa chumba cha kwanza na ufujaji wa ukumbi vinaweza kuwa ndani ya jengo moja, kwa saa ileile.

Kompyuta inayojifunza, na kazi iliyo nyuma yake

Wengi wakisikia uchambuzi wa data hufikiria akili bandia. Ina nafasi yake. Mwaka 2019 chama cha wahandisi ASHRAE kilifanya shindano la wazi la kutabiri matumizi ya nishati, kwa data zilizotoka kwenye mita 2,380 za majengo 1,448. Washindi walitumia mifano mingi ya kompyuta kwa pamoja, lakini jambo lililowatofautisha sana na wengine lilikuwa usafishaji wa data: kuondoa vipindi ambavyo mita ilisoma sifuri kwa wiki nzima, au ilirudia namba ileile isiyobadilika, au iliruka ghafla bila sababu.

Kila aliyewahi kufanya kazi hii atakubali. Kihisi kimoja kinaitwa herufi saba zisizosomeka, kingine kimepewa jina la chumba kilichobomolewa. Saa ya mita moja iko nyuma kwa saa nzima. Kihisi cha joto la nje kimewekwa juu ya paa jeusi bila kivuli, na mchana kinasoma nyuzi 8 zaidi ya ukweli. Kabla ya kuamini mfano wowote, linganisha kihisi hicho na kituo cha hali ya hewa cha karibu, na wakati mitambo imezimwa usiku linganisha vihisi vya mtambo mmoja vyenyewe kwa vyenyewe, maana vyote vinapaswa kukaribiana.

Tofauti kati ya kuona na kutafuta kasoro imepimwa. Kampeni ya maabara ya Lawrence Berkeley nchini Marekani, iliyofuatilia majengo mengi kati ya 2016 na 2020, ilikuta kwamba majengo yaliyotumia programu za kuonyesha matumizi ya mita yaliokoa asilimia 3 kwa kipimo cha katikati, yaani nusu ya majengo yaliokoa zaidi ya hapo na nusu pungufu. Yaliyotumia programu zinazotafuta kasoro za mitambo yaliokoa asilimia 9. Naona sababu iko wazi. Mchoro wa mita unakwambia kuna tatizo ghorofa ya tano. Programu ya kasoro inakwambia ni vali ipi, na fundi anajua abebe spana gani.

Umeokoa kweli?

Baada ya matengenezo, rudi kwenye ile grafu ya nukta. Tumia mwaka wa kabla ya matengenezo kutengeneza mfano unaotabiri matumizi kwa joto la nje na siku ya wiki, kisha uulize: kwa hali ya hewa ya mwaka huu, jengo la zamani lingetumia kiasi gani? Tofauti kati ya jibu hilo na mita ndiyo akiba. Mwongozo namba 14 wa ASHRAE unataka mfano wa data za mwezi usipotoke zaidi ya asilimia 15, na wa data za saa usizidi 30, kabla haujaruhusiwa kutoa ushahidi. Mfano wenye makosa ya asilimia 20 kwa mwezi hauwezi kuthibitisha akiba ya asilimia 5, hata ripoti iwe na michoro mizuri kiasi gani.

Na akiba hiyo isomwe sambamba na vyumba. Kiwango cha kupasha joto kikishushwa kupita kiasi, mita ya boila, mtambo unaochemsha maji ya kupasha joto, itaonyesha ushindi, huku watu wakileta vipasha joto vidogo kutoka nyumbani na kuvichomeka chini ya meza. Kimoja huvuta wati 1,000 hadi 1,500. Hutaviona kwenye ukaguzi, kwa sababu vinafichwa, lakini mita ya soketi haifichiki. Ukiona matumizi ya soketi yanapanda saa 3 asubuhi kwenye ghorofa ileile iliyopunguziwa joto wiki iliyopita, na daftari la malalamiko la ghorofa hiyo limenyamaza ghafla, rudisha nyuzi moja, subiri wiki mbili, kisha uzisome tena mita zote mbili.